Kinyesi cha ndege kwenye zege: Tumia magadi na subira, si asidi

YEYOTE aliyewahi kuegesha gari chini ya migunga iliyo karibu na Uwanja wa Nyayo, jijini Nairobi, hahitaji kuelezwa uharibifu ambao ndege wanaweza kufanya. Korongo wale wakubwa, wenye vichwa vya upara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, hushinda majaani wakijitafutia riziki na jioni hurejea mitini kulala. Kunapopambazuka, kingo za barabara na vijia vya wapita njia huwa vimepakwa chokaa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Gari huoshwa likatakata. Zege ndilo lenye shida. Mchanganyiko huu wa saruji, mchanga na kokoto, hata baada ya kuganda ukawa mgumu kama jiwe, huwa na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Hunywa maji, hunywa mafuta, na hunywa kila kilichoyeyuka ndani ya maji hayo. Kinyesi kilichoachwa juani kwa wiki mbili tatu huwa hakimo tena juu ya sakafu pekee, bali kimekwisha kuzama ndani yake.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia asidi. Mwenye nyumba humwita kijana wa kazi za mikono, naye kijana huja na chupa ya asidi ya betri au ile kali inayouzwa kwa ajili ya kusafishia vyoo. Humwaga, povu likafura, moshi ukapanda, na baada ya dakika chache doa huwa halionekani. Kila mtu huridhika. Nami niliridhika siku kijana mmoja aliponifanyia vivyo hivyo kwenye kibaraza changu, ambako njiwa walikuwa wamefanya makao juu ya taa. Baada ya msimu mmoja wa mvua, mahali pale palikuwa pamekwaruzika kama msasa, kokoto zimetokeza, na madoa mapya yalikuwa yakishika upesi kuliko ya awali.

Kosa halikuwa la kijana yule peke yake, kwani mimi ndiye niliyemlipa bila kuuliza swali. Laiti ningalijua kinyesi cha ndege ni kitu gani na zege ni kitu gani, nisingalimruhusu kukifungua kifuniko cha chupa ile.

Kwa nini doa huwa sugu

Ndege hana kibofu cha mkojo. Haja zake zote hutoka kwa tundu moja, na ndiyo maana kinyesi chake huwa na rangi mbili. Sehemu ya kahawia au nyeusi ni mabaki ya chakula, ilhali ile nyeupe inayofanana na chokaa ndiyo mkojo wenyewe. Badala ya kutoa taka za mwili zikiwa zimeyeyuka katika maji kama afanyavyo binadamu, ndege huzitoa zikiwa unga mzito uitwao asidi ya yuriki. Kwa njia hiyo huokoa maji mengi mwilini, jambo la manufaa kwa kiumbe anayeruka.

Manufaa hayo ya ndege ni mashaka ya mwenye sakafu. Asidi ya yuriki ni miongoni mwa vitu ambavyo maji hayaviwezi. Lita moja ya maji baridi huyeyusha pungufu ya sehemu ya kumi ya gramu moja. Hii ndiyo sababu mvua kubwa inaweza kunyesha usiku kucha, na asubuhi ukakuta vumbi limekwenda, majani yamekwenda, lakini ule weupe ungalipo.

Sehemu nyeusi nayo ina visa vyake. Hubeba rangi ya matunda na wadudu walioliwa, pamoja na protini na mafuta. Mkazi wa Pwani aliye na mzambarau karibu na ua wake anafahamu vyema jinsi sakafu inavyogeuka zambarau msimu wa matunda hayo, maana ndege mchana na popo usiku hushirikiana kuipaka rangi. Rangi hiyo si kama ule weupe, na dawa yake ni nyingine, kama tutakavyoona.

Fauka ya hayo, kinyesi kikirundikana na kubakia na unyevu, kuvu huota humo. Kuvu hao hutoa asidi zao wenyewe. Chumvi zilizomo nazo hunyonywa na zege wakati wa mvua, kisha jua likichoma hugeuka fuwele ndani ya vile vitundu na kuvisukuma kwa ndani. Tone moja la njiwa haliwezi kubomoa nyumba. Lakini rundo lililokaa miaka kadhaa kwenye ukingo wa dirisha au pembe ya paa huacha uso wa zege ukiwa umemong'onyoka.

Asidi hula nini

Zege ni kinyume cha asidi. Saruji inapoganda hutoa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayoupa mchanganyiko ule hali ya ualkali, yaani ile tabia ya majivu na sabuni. Asidi ikikutana na chokaa hupambana nayo papo hapo. Povu tunaloliona na kulishangilia tukidhani doa linachemka, aghalabu ni saruji yenyewe inayokufa.

Asidi ya yuriki, kwa upande wake, haiyeyuki kwa asidi nyingine. Ukiimwagia asidi ya betri, hubakia ilivyo au huwa ngumu zaidi kuyeyuka. Basi doa huondokaje? Huondoka kwa sababu tabaka la zege lililolibeba limeliwa. Ni sawa na mtu kuondoa wino kwenye karatasi kwa kuikwangua karatasi hadi itoboke.

Madhara hayakomei hapo. Asidi ya betri ikila chokaa huacha jasi, na jasi hufura ndani ya zege na kulipasua. Ile asidi ya kusafishia vyoo, ambayo aghalabu ni ya haidrokloriki, huacha chumvi za kloridi zinazopenya hadi kwenye vyuma vilivyomo ndani ya paa au nguzo na kuvitia kutu. Chuma kikishika kutu hutanuka, na zege hupasuka na kuanguka vipande vipande. Kwenye kijia cha bustani hasara hiyo ni ndogo. Kwenye paa la zege la jumba la ghorofa, au roshani ambayo watu husimama juu yake, ni jambo la hatari.

Siki na maji ya ndimu, ambavyo husifiwa sana jikoni, ni asidi pia, ijapokuwa ni dhaifu. Havitabomoa sakafu kwa siku moja, lakini vitaondoa mng'ao wa teraso na kuacha mabaka yasiyotoka. Kwa nyumba za kale za Mombasa na Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, hata ndimu ni adui. Jiwe la tumbawe ni chokaa tupu. Wenye nyumba hizo wafuate njia za upole zilizoelezwa hapa chini na wajaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kabla ya kugusa ufagio

Kuna jambo ambalo mabawabu, watunza majumba na wafanyakazi wa nyumbani hawaambiwi na wanaowaajiri. Kinyesi kikavu cha ndege ni hatari zaidi hewani kuliko sakafuni. Penye marundo ya zamani ya kinyesi cha njiwa, kuku au popo huweza kuota kuvu wawili wanaoleta maradhi mabaya. Mmoja huitwa Histoplasma, nao hushambulia mapafu. Wa pili ni Cryptococcus, ambao kwa watu wenye kinga hafifu huweza kufika ubongoni na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Kadhalika, bakteria waletao homa ya kasuku hupatikana katika kinyesi cha ndege wa aina nyingi, njiwa wakiwamo.

Mtu anapofagia rundo kavu, vumbi hupanda na mbegu za kuvu hao huvutwa puani. Maradhi ya Histoplasma huanza aghalabu kati ya siku tatu na siku 17 baada ya kuvuta vumbi. Dalili zake ni homa, kikohozi kikavu, maumivu ya kifua na uchovu mwingi. Wengi hupona bila dawa. Lakini kwa wengine maradhi huendelea kwa miezi, na kwa kuwa yanafanana mno na kifua kikuu, mgonjwa anaweza kutibiwa maradhi asiyokuwa nayo. Kwa hiyo mtu aliyesafisha kinyesi kisha akashikwa na kikohozi hana budi kumweleza daktari kazi aliyoifanya, hata kama haulizwi. Neno hilo moja linaweza kumfupishia safari ndefu.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayetibiwa saratani, au anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili asiifanye kazi hii kabisa. Ampishe mwenzake.

Kwa aliyebaki na kazi, kanuni kuu ni moja: usifagie kikavu. Nyunyiza maji kwanza, polepole, kwa mpira wenye mkondo mwepisi au kwa bomba la kunyunyizia mimea dawa, hadi rundo lote liloe. Maji ya nguvu hupeperusha vumbi lilelile unalolikwepa. Vaa glavu za mpira, mabuti, miwani ya kujikinga, na barakoa ile ngumu ya aina ya N95. Barakoa nyepesi za kitambaa ambazo wengi wetu tulizoea wakati wa janga la Covid-19 mwaka wa 2020 hazizuii vumbi laini kama hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga katika kazi za hatari, na sioni vipi kusafisha paa lililojaa kinyesi cha njiwa kusiwe mojawapo ya kazi hizo. Glavu na barakoa ni gharama ndogo ikilinganishwa na gharama za kitanda cha hospitali.

Iwapo unasafisha paa ambalo maji yake hukingwa kwa matumizi ya nyumbani, tenganisha kwanza bomba linaloelekea kwenye tangi. Usilirudishe hadi paa liwe limesuuzwa na mvua ya kwanza baada ya hapo imekwisha kupita.

Magadi yafanya kazi gani

Ikiwa asidi ya yuriki haiyeyuki kwa maji wala kwa asidi, basi huyeyuka kwa nini? Huyeyuka kwa kinyume chake, yaani kwa alkali. Na hapa Mkenya ana bahati, kwa sababu alkali nzuri imelala tele katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, na huuzwa sokoni vipande vipande kwa ajili ya kulainishia maharagwe na mboga za kienyeji. Magadi yaleyale yanayolainisha maharagwe hugeuza asidi ya yuriki kuwa chumvi inayokubali maji zaidi. Zaidi ya hayo, hayaligombanishi zege, kwani yote mawili ni jamii ya alkali. Soda ya kufulia inayouzwa madukani hufanya kazi hiyohiyo, nayo ni safi zaidi. Soda ya kuokea keki pia hufaa, ila nguvu yake ni ndogo, na ni afadhali itumike kama kikwaruzo laini kwenye madoa machanga.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Baada ya kulowesha, acha rundo linywe maji kwa nusu saa hivi, kisha likwangue kwa kipande cha ubao bapa au cha plastiki ngumu. Usitumie mwiko wa chuma wala brashi ya waya. Chuma huchora zege, na vijinyuzi vya waya vinavyokatika hubakia katika vitundu na kushika kutu. Utakuwa umeondoa doa jeupe na kuleta la rangi ya kutu, ambalo ni sugu zaidi. Weka uchafu unaokwanguliwa kwenye mfuko imara ukiwa bado na unyevu, uufunge, na uufukie au uutupe pamoja na taka nyingine. Usiurushe kitaluni kwa jirani.

Chukua magadi yaliyopondwa au soda ya kufulia, takriban gramu 100, uyatie katika lita tano za maji ya moto. Magadi ya sokoni yana mchanga, kwa hiyo yachuje kwa kitambaa. Mimina maji hayo juu ya doa na uyaache kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Yasikauke. Yakianza kukauka, ongeza mengine. Hapa ndipo subira inapotakiwa, kwa kuwa wengi humimina, wakasugua mara moja, wakaona doa lipo, wakaivunjia dawa heshima. Muda ndio unaofanya kazi. Mkono huja kumalizia tu.

Sugua kwa brashi ngumu ya nailoni au ya makumbi ya nazi, kwa mzunguko, ukianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati ili lisisambae. Suuza kwa maji mengi, maana magadi yakiachwa hukauka na kuacha ukungu mweupe ambao utadhani ni kinyesi kilekile. Doa la miezi huenda likahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Ni heri kurudia mara tatu kwa magadi kuliko mara moja kwa asidi.

Tahadhari mbili. Magadi huunguza ngozi laini na macho, hivyo glavu na miwani zibakie. Pia hula alumini, basi fremu za madirisha ya alumini zifunikwe au zisuuzwe upesi yakizirukia.

Kama sehemu ya kahawia ingali inaonekana, tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile inayotangazwa kuwa inaondoa madoa ya damu na mchuzi. Vimeng'enya huvunja protini. Hufanya kazi kwa maji ya uvuguvugu, na hufa kwa maji yanayochemka. Paka rojo la sabuni hiyo, funika kwa kitambaa chenye maji, na uliache kwa saa moja au mbili.

Kwa rangi ya matunda, zambarau ikiwa mfano wetu, alkali haitoshi. Huenda hata ukastaajabu kuona doa likibadilika kutoka zambarau kuwa samawati au kijani unapolimwagia magadi. Usihofu, hiyo ndiyo tabia ya rangi za matunda. Dawa yake ni kitu cha kuchujua rangi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia sita hufaa, au dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji.

Klorini iogopwe

Dawa hiyo ya klorini imo karibu katika kila nyumba, na huenda ndiyo kitu cha kwanza ambacho msomaji angekishika. Ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho, baada ya kinyesi kuondolewa na sakafu kusuuzwa. Hapo huua vijidudu vilivyosalia, huondoa ukungu wa kijani na mweusi, na hupausha rangi.

Ikimwagwa juu ya kinyesi kibichi, hukutana na amonia iliyomo na kutoa mvuke unaochoma macho na mapafu. Ikichanganywa na asidi, iwe ya choo au siki, hutoa gesi ya klorini, ambayo ilitumiwa kama silaha katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Nimesikia watu wakijisifu kwamba wao huchanganya dawa zote za nyumbani katika ndoo moja ili ziwe na nguvu. Katika bafu lisilo na dirisha, ndoo kama hiyo inaweza kuua. Tumia dawa moja, suuza kabisa, ndipo uchukue nyingine.

Doa lililozama

Kuna madoa ambayo baada ya yote haya huacha kivuli. Kilichobaki kiko chini ya uso wa zege, mahali ambapo brashi haifiki. Mafundi wa kutunza majengo ya kale hutumia mbinu ya kubandika tope, nayo ni rahisi kuliko inavyosikika.

Tafuta unga mweupe unaonyonya maji. Kaolini hufaa. Daiatomaiti, ule unga mwepesi unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, hufaa zaidi. Ukikosa vyote, karatasi za shashi nyeupe zisizo na maua wala harufu zitatosha. Changanya na maji ya magadi ikiwa kivuli ni cheupe, au na haidrojeni peroksaidi ikiwa ni cha rangi, hadi upate rojo zito kama ugali mwepesi. Lowesha doa kwa maji matupu, kisha lipake tope hilo kwa unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, ukipita ukingo wa doa kwa vidole viwili. Funika kwa karatasi ya nailoni, ile nzito inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti mwaka wa 2017.

Acha kwa siku nzima. Siku ya pili ondoa karatasi na uache tope likauke lenyewe. Linapokauka huvuta maji kutoka ndani ya zege, na maji hayo huja na doa. Likwangue, suuza, na utazame matokeo sakafu ikiwa kavu, maana sakafu yenye maji huficha mengi. Mara nyingi utahitaji kurudia.

Mashine za maji ya nguvu zimeenea, hasa kwenye vituo vya kuoshea magari, na wenye nyumba wengi huzikodi. Hazina ubaya kwenye zege zuri lililokomaa, mradi kinyesi kiwe kimekwisha kuondolewa kwa mkono, mdomo wa mashine uwe wa mkondo mpana, nao ushikwe umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka sakafuni. Mkondo mwembamba uliosogezwa karibu huchimba mifereji. Kwenye matofali ya kabro huondoa mchanga uliojazwa kwenye viungo, na baada ya muda matofali huanza kucheza. Zege ambalo halijatimiza siku 28 tangu limwagwe lisipigwe na mashine hiyo kabisa.

Ndege wenyewe

Kusafisha bila kuwaondolea ndege sababu ya kurudi ni kuchota maji kwa pakacha. Njiwa hupenda ukingo bapa. Ukingo huo ukiinamishwa kwa kubandikwa ubao au bati lenye mteremko mkali, hawatasimama. Wavu uliokazwa vyema hufunga roshani na matundu ya paa, na miiba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu husaidia kwenye taa na mabango. Sanamu za bundi hufanya kazi kwa wiki moja, kisha njiwa hutua juu ya kichwa cha bundi.

Mjini Mombasa adui ni kunguru wa Kihindi. Ndege huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na akaonekana Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1947. Tangu hapo amewafukuza ndege wengi wa asili na kujaza miembe, paa na nguzo za umeme. Mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Mwenye nyumba hawezi kungoja mipango kama hiyo. Anachoweza kufanya ni kufunika jaa lake, kwani kunguru hufuata mabaki ya vyakula. Korongo nao hufuata yaleyale, ila hao ni ndege wa hapa kwetu, na mti wenye viota vyao usikatwe kabla ya kuwasiliana na KWS.

Baada ya sakafu kutakata na kukauka kwa siku mbili tatu, ni vyema kuipaka dawa ya kuzibia, ile ya jamii ya silikoni inayopenya ndani na kufukuza maji bila kuacha utando juu. Haizuii ndege kunya, lakini huzuia kinyesi kuzama, na kinachobaki juu huondoka kwa maji na sabuni. Dawa hiyo hupungua nguvu kwa jua na kukanyagwa, hivyo irudiwe kila baada ya miaka kadhaa. Utajua wakati umefika pale utakapomwaga maji na kuona hayafanyi tena matone bali yananywewa.

Na kwa aliyekwisha kutumia asidi, kama mimi, kazi ni nyingine. Sakafu huoshwa kwa maji ya magadi ili asidi iliyosalia iishe makali, ikasuuzwa mara nyingi, kisha sehemu zilizolegea hukwanguliwa na kupigwa lipu mpya nyembamba ya saruji na mchanga laini, ikifunikwa kwa gunia lenye maji kwa siku saba ili isipasuke. Kibaraza changu kilifanyiwa hivyo. Kiraka kimeshika vizuri na hakijapasuka, ingawa rangi yake ingali tofauti na ya sakafu nyingine, nami hulazimika kuwaeleza wageni sababu.